SACK Panic: jinsi ya kuhakikisha seva yako ya Linux haiangushwi na mtu aliye mbali

Wadau wa IT wa Dar, hii ni kwa yeyote anayelea seva ya Linux, iwe ile ya stoo Kariakoo inayobeba programu ya mauzo, iwe ya shule au zahanati, au VPS tu (seva pepe ya kukodi) ya websaiti ya mteja. Ingia kwenye mashine nyingi za namna hiyo uandike `uptime`, unakuta siku mia nne, siku mia saba, na mwenyewe anafurahi kabisa kwamba Linux ni chuma, tangu iwashwe haijazimwa. Mimi hiyo namba inanitia wasiwasi. Kerneli, yaani moyo wa Linux, iliyopanda kwenye memori siku mashine inawashwa ndo hiyo hiyo inayofanya kazi leo, hata kama umeapdeti kila wiki, maana apdeti inaweka faili jipya kwenye diski, haigusi kile kinachotembea sa hivi. Kwa hiyo kuna seva zina kiraka, yaani marekebisho ya kasoro, kwenye diski na bado ziko uchi kabisa.

Nitatumia mfano mmoja wa kweli hadi mwisho, SACK Panic, kasoro ya kerneli inayomruhusu mtu aliye mbali kuiangusha mashine, namba yake kwenye orodha ya kasoro za usalama ni CVE-2019-11477. Ni ya tarehe 17 Juni 2019, aliyeigundua ni Jonathan Looney wa Netflix, na inahusu kerneli za Linux kuanzia 2.6.29 hadi zile za siku hiyo. Najua utasema hiyo ni ya zamani, lakini ya zamani ni kwa aliyeziba, na CentOS 6, CentOS 7 na Ubuntu 16.04 bado zinapiga kazi kwenye maofisi yetu. Na ukishajua kuikagua hii moja vizuri, kasoro nyingine yoyote ya kerneli utaikagua kwa njia hiyo hiyo.

Tuanze na inavyofanya kazi, usiruke hapa kwa sababu bila kuelewa utajikuta unakopi amri tu.

TCP, njia ambayo kompyuta hutumiana data mtandaoni, inapotuma data inaikata vipande, na anayepokea anajibu kwamba nimepata hadi hapa. Zamani kipande kimoja kikipotea katikati, mtumaji hakuwa na namna ya kujua vya mbele yake vimefika au la. Ndo ikaja SACK, imeandikwa kwenye RFC 2018 ya mwaka 1996. Chukulia unapokea mzigo wa katoni kumi, unampigia aliyetuma unamwambia moja hadi nne ziko hapa, sita hadi kumi ziko hapa, niletee ya tano peke yake. Hiyo ndo SACK, na kwa intaneti ya simu ambayo pakiti zinapotea potea ni kitu cha maana sana, kumbuka hilo kwa sababu tutalirudia kwenye suala la kuizima.

Sasa ndani ya kerneli data inayosubiri kutumwa inakaa kwenye vifurushi, na kifurushi kimoja kinabeba hadi vipande 17, kila kipande kwenye prosesa za kawaida za x86 kinaweza kufika kilobaiti 32. Kerneli inahesabu kifurushi kitatoka kama segmenti ngapi, na hesabu hiyo inakaa kwenye namba ya biti 16, yaani mwisho wake ni 65535. Kwa kawaida haifiki hata robo. Ila mtu anapounganisha anaruhusiwa kutaja MSS, yaani ukubwa wa segmenti anaotaka kutumiwa, na Linux ilikuwa inakubali kushuka hadi baiti 48. Ukitoa baiti 40 zinazoweza kuliwa na nyongeza za TCP, data inayobaki ni baiti 8 tu kwa kila segmenti. Piga hesabu, 17 mara 32768 gawa kwa 8, unapata 69632. Imepita 65535.

Kwa hiyo mshambuliaji anaunganisha na MSS ndogo, anafanya seva imtumie data nyingi, halafu anatuma majibu ya SACK yaliyopangwa kiasi kwamba kerneli inaunganisha vifurushi mpaka hesabu inafurika na kurudi chini. Hapo kuna mstari wa BUG_ON kwenye kodi ambao kazi yake ni kukagua kama hesabu inaeleweka, unakuta haieleweki, na kwa kuwa kerneli iko katikati ya kushughulikia mtandao inapaniki yote. Mashine inaganda. Hajahitaji paswedi wala akaunti, amehitaji poti moja ya TCP iliyo wazi inayomjibu, kama 80 au 443. Data haiibiwi hapa, lakini kama database ilikuwa katikati ya kuandika, utakuwa na kazi ya kurekebisha asubuhi wateja wakiwa mlangoni.

Siku hiyo zilitangazwa na nyingine za ukoo mmoja: CVE-2019-11478 na CVE-2019-11479 ambazo haziangushi mashine ila zinaifanya itumie prosesa na memori nyingi hadi iwe nzito, na CVE-2019-5599 ya FreeBSD 12, mfumo mwingine usio Linux, kwa wanaotumia sehemu yake ya TCP ya hiari iitwayo RACK. Tiba ya hizo za Linux inakuja kwenye kifurushi kile kile cha kerneli kwa hiyo sitazichambua.

KAGUA KWANZA

Wengi wanaandika `uname -r` kuona toleo la kerneli inayotembea, wanaona 3.10 au 4.4, wanaenda mtandaoni wanasoma kwamba iliyozibwa ni 4.4.182, 4.9.182, 4.14.127, 4.19.52 au 5.1.11, wanachanganyikiwa. Hizo namba ni za kerneli asilia. Ubuntu, Debian na Red Hat wanachukua kiraka wanakirudisha kwenye kerneli yao ya zamani bila kubadili ile namba ya mbele, ndo maana 3.10 ya CentOS 7 inaweza kuwa salama kabisa na 4.15 fulani ya Ubuntu isiwe salama. Kwa CentOS 7 angalia kuanzia 3.10.0-957.21.3, kwa Ubuntu 18.04 kuanzia 4.15.0-52. Kama kerneli yako ni 5.2 kwenda mbele, mfano Ubuntu 20.04 au Debian 11 na za baada yake, kwa kasoro hii uko salama tayari.

Njia ninayoipenda mimi ni kuiuliza kerneli yenyewe inayotembea:

sysctl net.ipv4.tcp_min_snd_mss

Hiki kitufe hakikuwepo kabla, kililetwa na viraka vya ukoo huu. Ikijibu 48 au namba yoyote, basi kerneli iliyoko kwenye memori ina kiraka, umemaliza hatua hii. Ikisema hakuna faili kama hilo, ichukulie haijazibwa mpaka uthibitishe vingine. Uzuri wake ni kwamba haidanganyiki na kilichoko kwenye diski. Kwa watu wa CentOS na Red Hat kuna uthibitisho mwingine:

rpm -q --changelog kernel-$(uname -r) | grep CVE-2019-11477

Hiyo `$(uname -r)` usiiache, bila hiyo utaonyeshwa na logi za kerneli nyingine zilizoinstoliwa ambazo hazijawahi kuwashwa.

KUAPDETI

Kwa Ubuntu na Debian kuna mtego ambao nauona kila mahali. Mtu anaandika `apt-get upgrade`, inaisha vizuri, anaondoka. Lakini kerneli mpya huwa inakuja na jina jipya la pakiti, na `apt-get upgrade` haiinstoli majina mapya, inaandika tu kwamba hizi zimebakizwa nyuma na mtu haisomi hiyo mistari. Tumia hii:

sudo apt-get update
sudo apt-get -d dist-upgrade

Ile `-d` inapakua tu bila kuinstoli. Ofisi nyingi za hapa zinaishi kwa bando, kwa hiyo pakua usiku, halafu muda wa kazi ukifika unaendesha `sudo apt-get dist-upgrade` na kila kitu kiko tayari kwenye diski, hakuna kuishiwa MB katikati ya kazi. Kama una mashine kadhaa ofisi moja, weka apt-cacher-ng kwenye mojawapo, pakiti inashuka mara moja nyingine zote zinachota hapo.

Kabla ya kuinstoli angalia `df -h /boot`. Hapa ndo pananiuma maana seva iliyokaa muda mrefu bila kusafishwa huwa /boot imejaa kerneli za miaka yote, na instolesheni inakatikia katikati unabaki na pakiti nusu nusu. Safisha kwa `sudo apt-get autoremove --purge`, yenyewe inajua kuiacha unayoitumia. Usiingie /boot ukaanza kufuta mafaili kwa mkono.

CentOS ni `sudo yum update kernel`, ila CentOS 7 ilifika mwisho tarehe 30 Juni 2024 na anwani za kawaida za kupakulia hazijibu, inabidi uelekeze mafaili ya repo kwenye vault.centos.org, kule kerneli za mwisho mwisho zipo na zina kiraka hiki. Fanya hivyo leo, na ongea na mwenye mali kuhusu kuhama maana kasoro za baada ya hapo hazina tiba huko.

Halafu restati. Sijui niseme kwa sauti gani ieleweke, bila kurestati hujafanya kitu. Ubuntu inakukumbusha kwa faili la /var/run/reboot-required, CentOS ukiwa na yum-utils unaandika `needs-restarting -r`. Wapo wanaotumia Livepatch ya Canonical inayoziba bila kuzima, ni nzuri kwa mashine isiyoweza kabisa kusimama, ila hata hiyo haikuondolei haja ya kurestati siku moja.

Najua kwanini watu wanaogopa kurestati. Mashine haijazimwa miaka miwili, hujui huduma gani itapanda yenyewe na ipi iliwashwa kwa mkono na fundi aliyeshaondoka. Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo iandalie. Chukua bekapu na hakikisha inafunguka. Orodhesha zinazotembea kwa `systemctl list-units --type=service --state=running`, pitia moja moja kwa `systemctl is-enabled`, ambayo haijawekwa kupanda yenyewe iweke. Simamisha database kwa amri yake kabla ya kurestati. Chagua Jumapili asubuhi au usiku maduka yakishafungwa, na awepo mtu karibu na mashine mwenye funguo za chumba, maana ukiwa Mbagala na seva iko Posta na imegoma kupanda utatafuta usafiri ukiwa na presha. UPS iwe na chaji.

Ikishapanda andika `uname -r` tena, kisha ile sysctl ya mwanzo. Usikae na imani tu, kuna mashine GRUB yake, yaani programu inayochagua kerneli ya kuwasha, iliwahi kufungwa kwenye kerneli fulani ya zamani, inapanda na ile ile. CentOS unaijua kwa `grubby --default-kernel`.

KAMA LEO HUWEZI KURESTATI

Bosi kakataa, mwisho wa mwezi, mahesabu yanafungwa, sawa. Kuna kinga za muda mbili.

Ya kwanza ndo bora, kukataa miunganisho inayotaja MSS ndogo kwa iptables, ukuta wa moto (firewall) wa Linux:

sudo iptables -I INPUT 1 -p tcp -m tcpmss --mss 1:500 -j DROP
sudo ip6tables -I INPUT 1 -p tcp -m tcpmss --mss 1:500 -j DROP
sudo sysctl -w net.ipv4.tcp_mtu_probing=0

Angalia nimeweka `-I INPUT 1` na si `-A`. Maelekezo mengi yanatumia `-A`, inaweka sheria mwisho wa foleni, na kama juu yake tayari kuna sheria inayoruhusu poti 443 basi pakiti imeshapita, sheria yako imekaa pale haiguswi. Huo mstari wa mtu_probing nao ni lazima, ikiwa imewashwa kerneli yenyewe inaweza kushusha MSS katikati ya safari na kuchuja mwanzoni kukawa hakuna maana. Na usisahau ya IPv6, wengi wanaziba mlango wa mbele tu.

Je, utawafungia wateja wa kweli? Ni ngumu. Laini ya kawaida ya ethaneti inataja 1460, PPPoE 1452, VPN zinashuka kidogo, na hata kima cha chini kinachochukuliwa IPv4 mtu asipotaja kitu ni 536. Chini ya 500 ni nadra sana mtu mwenye nia njema. Baada ya siku moja mbili tazama `sudo iptables -L INPUT -v -n`, ile hesabu ya pakiti upande wa kushoto itakuonyesha kama kuna anayegonga. Na hifadhi sheria kwa `sudo netfilter-persistent save` baada ya kuinstoli iptables-persistent, la sivyo umeme ukikatika zimeondoka.

Ya pili ni kuzima SACK yenyewe:

sudo sysctl -w net.ipv4.tcp_sack=0

Inafanya kazi lakini mimi naiweka mwisho kabisa kwa mazingira yetu. Wateja wako wako kwenye simu, ndani ya daladala Morogoro Road, mawimbi yanakuja na kupotea, na seva pengine iko Ulaya, pakiti zinavuka bahari. Bila SACK kila pakiti ikipotea, seva inabahatisha na inatuma upya vitu vilivyokwisha kufika, ukurasa unakuwa mzito na bando la mteja linaliwa bure. Fikiria hali kama ile ya Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti yetu ilivyokuwa, halafu na SACK umeizima. Pia ujue inahusu miunganisho mipya tu, iliyokwisha kufunguka inaendelea na makubaliano yake ya mwanzo. Ukiitumia andika mahali tarehe ya kuirudisha kuwa 1.

MASHINE IKIGANDA UTAJUAJE

Hapa Dar seva ikizima jibu la kwanza ni umeme. Mara nyingi ni kweli, ndo maana shambulio kama hili linaweza kupita miezi bila mtu kushtuka. Ukiandika `last -x | head` utaona crash kwa yote mawili, haikusaidii kutofautisha. Angalia vilivyo kwenye UPS ile ile: kama ruta na swichi havikuzimika na seva peke yake imeganda taa zikiwaka, umeme hauhusiki. Chomeka skrini kabla hujagusa kitufe cha pawa, ukikuta maneno "Kernel panic - not syncing: Fatal exception in interrupt" piga picha skrini yote, hasa mistari ya juu yake, ukiona jina tcp_shifted_skb au majina ya tcp_sack basi umempata. Logi za kwenye diski mara nyingi hazipati nafasi ya kuandikwa kwenye paniki, ila jaribu `journalctl -k -b -1` kama journal yako inahifadhiwa. Kdump, inayohifadhi picha ya memori kerneli ikipaniki, ni bora zaidi, kama memori inatosha iwashe.

Kingine ambacho wengi hawajui, mipangilio ya kawaida ya kerneli asilia ni kwamba ikipaniki inakaa hapo hapo milele kusubiri mtu. Badilisha, weka mstari huu kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/:

kernel.panic = 10

Kisha `sudo sysctl --system`. Ikipaniki inasubiri sekunde 10 inajirestati. Haizuii shambulio, na anayetaka kukuangusha atakuangusha tena, lakini Jumamosi usiku ofisi ikiwa imefungwa kuna tofauti kubwa kati ya dakika tatu na Jumatatu asubuhi.

VITU VINAVYOSAHAULIKA

Ruta. MikroTik ziko kila kona ya mji huu, na RouterOS imejengwa juu ya kerneli ya Linux. Kiraka cha hizi CVE kiliingia toleo 6.45.1, ukiwa chini ya hapo panda, na kwa vyovyote vile funga poti za kuingilia za Winbox na websaiti ya ruta zisionekane kutoka intaneti. NAS (hifadhi za mafaili za mtandao) na mashine za kurekodi kamera nyingi nazo ni Linux, zile ambazo mtengenezaji hatoi tena apdeti zitoe tu kwenye intaneti, mtu azifikie kwa VPN.

Kontena za Docker hazina kerneli yao, zinatumia ya mashine mama, kwa hiyo kuapdeti imeji hakukusaidii kitu hapa. Mashine pepe za KVM au VMware kila moja ina kerneli yake, unaziba mama na watoto wote. VPS ndo inategemea: andika `systemd-detect-virt`, ikijibu kvm kazi ni yako, ikijibu openvz au lxc kerneli ni ya mwenye seva na huwezi kuigusa, mwandikie uulize kerneli ipi inatembea na kama ina kiraka cha CVE-2019-11477. Asipojibu kitu cha kueleweka, hamisha mteja wako.

Na tafadhali, kodi za kushambulia zipo mtandaoni, usijaribu kwenye seva ya mtu hata kwa nia ya kumsaidia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haiulizi kama ulikuwa unasaidia, na ni kazi ya mtu unaiangusha. Ukitaka kuona kwa macho, weka mashine pepe mbili kwenye laptopu yako bila intaneti. Ukigundua seva ya taasisi iko wazi waandikie wenyewe, au pitia TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao iliyo chini ya TCRA, kupokea taarifa za namna hiyo ni kazi yao.